Tango la Mama na Mkasi wa Mkaguzi

Chumba cha cherehani,
Ghorofa ya chini, Nyumba ya Mama.

Jumapili, tarehe 9, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Nakusalimu kutoka kwenye kiti hikihiki cha cherehani ambacho mguu wake mmoja ni mfupi, na ambacho bado nimekiwekea kile kipande cha ubao ulichonikatia kabla hujasafiri. Natumaini u mzima, na kile kikohozi ulichonieleza kimekwisha. Kama hakijakwisha, acha ukaidi, nenda ukapimwe. Shemeji yangu hajambo? Na wanao je? Yule wa kwanza ameacha kutafuna kucha, au bado anajila mwenyewe?

Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linauma likitaka na kupoa likitaka, halinishirikishi. Wifi yetu ni mzima, kimya kama kawaida yake. Kaka yetu ni mzima pia, mzima kupita kiasi, na uzima wake ndio ulionichelewesha kukujibu.

Umenilaumu kwamba nimekaa miezi miwili bila kuijibu barua yako. Lawama nimeipokea. Lakini katika barua yako nzima uliuliza jambo moja tu la maana, nalo ni lile tango la Mama, kama limezaa au vipi. Nilikataa kukujibu nusu nusu. Sasa nina jibu kamili, kaa chini usome.

Unajua kaka yako tangu astaafu tumempa jina la Mkaguzi, kwa sababu kazi imemwacha yeye lakini yeye hajaiacha. Miaka thelathini na tano amekagua shule: madaftari, vyoo, ubao, mpaka soli za viatu vya walimu. Leo hana shule hata moja, basi anatukagua sisi. Ana daftari lenye jalada gumu, penseli nyuma ya sikio, na ile kofia yake ya ukaguzi ambayo huivaa hata akienda kuoga, nadhani. Juzi aliinua mfuniko wa sufuria jikoni kwa Wifi, akatazama ndani, akaandika. Aliandika nini? Wali ni wali.

Zile mbegu nilizikuta mimi, ndani ya kopo la vifungo la Mama, siku nilipotafuta vifungo vyeusi vya sare. Zilikuwa zimesokotwa kwenye kipande cha karatasi na kufungwa uzi. Nilizijua mara moja. Lile tango fupi nene lenye mistari myeupe, lisilo na uchungu hata kwenye kikonyo, uliwahi kuliona sokoni? Mimi sijaliona. Mama alipanda, Mama akala, Mama akatunza mbegu, na Mama alipoondoka hizo ndizo zilizobaki. Hakukuwa na kopo la pili.

Nilifanya kosa la kumwambia Mkaguzi. Akashuka ngazi, akanyoosha mkono kama anayedai funguo za ofisi. Akatangaza kwamba mbegu za mzazi ni dhamana ya mtoto wa kwanza. Mtu ambaye ua lake la mwisho kulishika ni lile alilovalishwa kifuani siku ya kuagwa kazini! Nikamwambia asubiri nizifunge vizuri. Na hapo, mdogo wangu, usinitolee macho, nilifungua pembeni kidogo tu nikachomoa mbegu moja, nikaitia chini ya ulimi wa cherehani, ule unaobana kitambaa. Nyingine nikamkabidhi. Niliiba, sitalipaka rangi neno hilo. Lakini nilimjua ninayemwibia.

Akazipanda zote kwa mpigo kwenye ndoo za rangi pale kwenye roshani ya juu. Hakubakiza hata moja ya akiba, kwa kuwa mtaalamu hahitaji akiba. Saba zikaota. Mbili akazizamisha kwa maji, maana alizimwagilia kila alipokumbuka na alikumbuka kila saa. Zikabaki tano. Kila ndoo akaipa namba, na kila asubuhi akasimama mbele yao mikono nyuma, kama anayesubiri ziseme shikamoo.

Mimi ya kwangu niliipanda kwenye ndoo ndogo, ndani ya kile chumba cha kupimia nguo, nyuma ya pazia, karibu na dirisha la uchochoroni. Dirisha nikaliacha limefungwa, kwanza kwa ajili ya vumbi, kwa sababu nashona nguo nyeupe, na pili kwa sababu Mkaguzi hupita uchochoro ule akifanya mazoezi yake ya kutembea. Wateja nikawaambia ni pambo.

Kisha maua yakaja. Ah, ungemwona Mkaguzi! Ua la kwanza alilipigia saluti. Aliteremka kunitangazia, akapanda, akateremka tena kuniambia yamekuwa matatu. Siku ya nne yote matatu yakaanguka bila kuacha kitu. Akanuna. Akavuta kiti, akavaa miwani, akayachunguza yaliyofuata kwa juma zima, na mwishowe akagundua jambo ambalo hata kipofu angeligundua kwa kupapasa: kwamba yapo maua yenye kitango kidogo chenye vinyweleo nyuma yake, na yapo mengine yaliyokaa tu juu ya kikonyo chembamba, matupu, hayana kitu nyuma.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Yeye alitoa uamuzi. Yale matupu akayaita watoro. Akasema yanakula chakula cha wenzao bila kufanya kazi, yanaharibu nidhamu ya mmea. Akaja dukani kwangu, akachukua mkasi wangu wa nyuzi bila hodi, na tangu siku ile kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu unasikia kwenye roshani, kacha, kacha, kacha. Watoro wote wanafukuzwa shule. Akimaliza anayapanga kwenye kisahani cha chai, anamwita Wifi ayaone, na anamhutubia mpaka chai inapoa.

Nyuki wakaanza kuja, mmoja mmoja. Hao aliwaita wazururaji. Akachukua ile dawa ya mbu ya chumbani na kuwapulizia palepale juu ya maua, saa mbili asubuhi, ndoo zote tano. Harufu ilinifikia huku chini mpaka nikafunga pua kwa kitambaa cha mteja.

Na vitango? Vilitokea vingi, sikufichi. Vilifika urefu wa kidole cha mwisho, vikawa vya njano kwenye ncha, vikalegea, vikadondoka. Kila siku viwili vitatu. Hapo ndipo uchunguzi ulipoanza, na debe tupu haliachi kuvuma. Kwanza lilikuwa kosa la maji ya bomba. Halafu likawa kosa la ndoo. Halafu likawa jicho la kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye alisimama siku moja akayasifu maua. Naye kinyozi ana matango yake, yale marefu ya dukani, yamepanda mpaka juu ya kibao chake cha bei, hana haja ya kumhusudu mtu. Mwisho kabisa Mkaguzi alikuja kunieleza, kwa upole wa kiofisi, kwamba mtikisiko wa cherehani yangu unapanda ukutani na kuyashtua matunda. Akaniomba nisishone asubuhi.

Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa nyuma ya pazia akatoa kichwa kuniuliza kama naumwa. Nilimdharau kaka yako kwa kituo, mdogo wangu. Nilimdharau nikishona, nilimdharau nikila. Nikiisikia ile kacha kacha yake naongeza kasi ya cherehani kusudi, ili yashtuke vizuri.

Sasa utaniuliza, na wewe mwizi, la kwako limezaa? Nyani haoni kundule. La kwangu lilichanua kuliko yake yote. Mimi sikukata hata ua moja, sikupuliza dawa, nilimwagilia kwa kipimo. Na vitango vyangu vikatoka, vikawa njano kwenye ncha, vikadondoka, sawasawa na vyake. Mimi nikasema ni udogo wa ndoo. Sikusema neno lingine juu ya hilo, hata kwa nafsi yangu, na niliendelea kumcheka.

Ndipo barua yako ikafika. Ulijaza kurasa mbili kwa habari za baridi na viatu, halafu pembeni, kwa maandishi ya kubana, ukachomeka: tango la Mama limezaa? Na je, Kaka huwa anapitisha unyoya asubuhi kama Mama?

Nilisoma mara tatu. Unyoya gani? Halafu nikauona. Ule unyoya mweupe wa kuku uliokuwa umechomekwa kwenye fremu ya mlango wa jikoni miaka yote. Mimi nilidhani ni wa kupakia mafuta kwenye cherehani, na kwa kweli niliwahi kuuchukua kwa kazi hiyo, nikapigwa kofi ambalo sikulielewa. Sisi wakubwa tulikuwa tunaondoka kwenda shule kabla jua halijapanda. Aliyebaki mgongoni kwa Mama wakati wa maua ulikuwa wewe peke yako. Mkaguzi aliwahi kumwona likizo moja, nakumbuka sasa, akamcheka mbele ya wenzake kwamba mama yake anayapangusa maua vumbi kama wageni wa heshima. Mama alimaliza safu yake, akarudisha unyoya mahali pake.

Nikapanda juu kwa Wifi. Huyu naye nimeishi naye nyumba moja miaka ishirini nikimhesabu miongoni mwa vyombo, na hilo nitalijibu siku ya kiama. Nilimkuta jikoni anamenya viazi.

"Wifi," nikamwuliza, "hivi ua la tango hupanguswa?"

"Halipanguswi. Linapelekewa unga."

"Unga gani?"

"Unga wa dume. Lile lenye kikonyo chembamba ndilo dume, lina unga wa njano katikati. Lenye kitango ndilo jike. Unga usipofika kwa jike, kitango kinanyauka. Nyumbani kwetu tumekula maboga kwa namna hiyohiyo." Akatupa ganda. "Sasa kaka yako kila asubuhi anaua waume wote. Hao wake wazae na nani, na ndoo?"

"Na wewe ulikuwa unamtazama tu?"

"Sikuulizwa, wifi yangu. Nyumba hii anayejua hasemi, na anayesema ana daftari." Akachukua kiazi kingine. "Hata wewe leo ndiyo mara ya kwanza."

Nilikaa juu ya gunia la mkaa pale pale, na sketi yangu nzuri. Nikamsimulia habari ya mmea wa rafiki yangu mmoja, ulio ndani ya nyumba, wenye madume na majike tele na bado hauzai. Wifi hakuinua macho. Akasema mwambie huyo rafiki yako afungue dirisha, nyuki hawabishi hodi. Unga haurukaruki wenyewe kutoka ua hadi ua. Ama nyuki aubebe, ama mtu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mmoja juu anachinja madume na kuua nyuki, mwingine chini amewafungia nje nyuki na kujiita mjuzi. Watoto wawili wa mwanamke aliyelima tango lile maisha yake yote! Na kuhusu yule wa juu, hebu fikiri hili, maana mimi lilininyima usingizi wa mchana. Amekaa nyuma ya madarasa miaka thelathini na tano akisikiliza walimu wakifundisha uchavushaji. Wamemchorea ua ubaoni kwa chaki za rangi, dume huku, jike kule, nyuki katikati. Amewapa alama. Wengine nasikia aliwakosoa mchoro. Kisha anakwenda nyumbani na kuchukua mkasi.

Wifi alinipa na habari mbaya. Mimea imezeeka, majani ya chini yamekauka, na kwenye ndoo zote tano yamebaki majike mawili tu ambayo yangefunguka kesho yake asubuhi. Ua la tango likifunguka ni asubuhi ile tu. Adhuhuri limefumba na biashara imekwisha. Dume juu hakuna hata moja, Mkaguzi siku hizi alikuwa anayakata yangali matumba yasiyofunguka. Nikasema basi nivuke barabara nimwombe kinyozi. Wifi akanitazama kwa mara ya kwanza. Akasema ukichukua dume la kinyozi utapata tango, utalila, lakini mbegu zake zitakuwa chotara. Mwakani utampanda Mama na kumvuna kinyozi. Ndiyo maana Mama yenu alitumia unyoya, akasema. Nyuki hupita kwa jirani kwanza.

Yalibaki madume ya mahali pamoja tu, na mimi nilijua ni wapi. Kwangu majike yalikuwa yamekwisha, lakini madume yalikuwepo mengi yanachanua nyuma ya pazia bila kazi. Kuyapeleka juu ilikuwa ni kumwambia Mkaguzi, mbele ya daftari lake, kwamba niliiba mbegu ya Mama. Kutoyapeleka ilikuwa ni kulizika lile tango, na nisingekuwa na ujasiri wa kukuandikia tena. Mchana ule niliunga mkono wa kushoto wa shati kwenye bega la kulia. Sijafanya kosa hilo tangu nilipokuwa mwanafunzi.

Jioni, Mkaguzi alipokwenda matembezi, Wifi aliyafunga yale majike mawili kwenye ncha kwa uzi wangu mwekundu, ili alfajiri nyuki wa kwa kinyozi asitangulie. Asubuhi saa kumi na mbili nikachuma madume matatu yaliyofunguka, nikayalaza juu ya kitambaa kibichi ndani ya kopo la vifungo la Mama, nikapanda ngazi kumi na nne na goti langu.

Nilimkuta amekwishafika. Ameinama, kofia kichwani, mkasi wangu mkononi, na ncha yake iko kwenye uzi mwekundu.

"Nani amefunga maua haya bila idhini?"

Idhini! Nilikuwa nimejiandalia maneno ya adabu, yakanitoka yote. Nilimwambia aweke mkasi wangu chini. Nikamwambia watoro wake ndio akina baba, na kwamba amewachinja wiki sita mfululizo kwa chombo changu cha kazi. Nikamwambia sijapata kuona kichwa kilichobeba kofia nzito kwa mambo mepesi namna ile. Nikamwambia vyeti vyake vyote vile ukutani havijui alichokijua unyoya wa kuku. Na mwisho nikamwambia, Mama alijua, na wewe ulimcheka.

Hilo la mwisho ndilo lililomkalisha. Alikaa juu ya ndoo tupu, akavua kofia. Sikuwa nimekiona kichwa chake asubuhi kwa muda mrefu, kimebaki na nywele chache mno.

"Hayo umeyapata wapi?" akaniuliza, akitazama kopo. "Kwa kinyozi?"

"Hapana. Ni ya Mama."

"Mimea ya Mama yote iko hapa."

"Nilichukua mbegu moja. Kabla sijakukabidhi."

Alifungua daftari, ukurasa wa mwisho, akatoa kile kikaratasi kilichokuwa kimesokotewa mbegu. Alikuwa amekinyoosha vizuri. Mimi siku ile nilikifungua pembeni tu, sikuona ndani. Ndani kulikuwa na penseli, mwandiko wa Mama, ule mkubwa wa kupinda aliojifunza ukubwani: 12.

"Zilikuwa kumi na moja," akasema. "Nilijua tangu siku ile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeirudisha." Akafunga daftari. "Na mimi najijua."

Miezi ile yote nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma, na yeye alikuwa anapanda na kushuka ngazi akijua kwamba angalau mbegu moja ya Mama haiko mikononi mwake. Dharau ni vazi linalopendeza mpaka mtu akuonyeshe kwamba umelivaa kinyume. Niliona aibu, nakuambia waziwazi, na kwa kuwa niliona aibu nikamwambia kwa ukali atoke kwenye mwanga.

Nikafungua uzi. Jike la kwanza likatanuka lenyewe. Nikamenya dume, nikaondoa petali zote mpaka kikabaki kile kiini chenye unga wa njano, nikaligusisha katikati ya jike, taratibu, nikizungusha, kama unavyofuta vumbi kwenye jicho la mtoto. Jike la pili akaomba afanye yeye. Alishika lile dume kwa vidole viwili, anahema kama amepanda mlima, akaligusisha, akasema kwa sauti ndogo, "Samahani." Sikumwuliza anamwomba nani. Tukayafunga tena kwa uzi.

Usidhani nitakuambia kwamba alibadilika. Saa nne ya siku ileile alikuwa ng'ambo ya barabara anamfundisha kinyozi uchavushaji, mkono mmoja kiunoni, akiita mbinu yetu "mbinu niliyoifanyia majaribio". Kinyozi, ambaye matango yake yanazaa tangu zamani bila mbinu ya mtu, alimsikiliza huku akimnyoa mteja. Kitu kimoja tu kimegeuka: sasa anamwuliza Wifi. Anamwuliza maji kiasi gani, anamwuliza kivuli, juzi alimwuliza hata kama ni saa yake ya kunywa dawa. Wifi anamjibu kwa neno moja moja, na nimegundua kwamba maneno yake mengi yanachekesha. Miaka ishirini nimeishi na mchekeshaji nikidhani ni bubu.

Jike nililoligusa mimi lilikuwa njano kwenye ncha siku ya tatu, likadondoka. Ndiyo, la kwangu, mimi fundi. La kwake lilishika. Liliinama, likanenepa, mistari myeupe ikajitokeza kama ilivyokuwa kwa Mama. Alilivalisha soksi yake ya kazini lisivunje kikonyo, na kila aliyekuja nyumbani alipelekwa kuitazama soksi ile. Lilipoanza kugeuka njano aliingiwa na hofu kwamba limeoza, akalishika alichume. Wifi akasema, "Acha." Akaacha. Tango la mbegu huachwa mpaka lizeeke kabisa, liwe zito na la rangi ya kahawia, wala haliliwi.

Jumapili iliyopita tulilipasua mezani, sote watatu. Mbegu tulizitia kwenye glasi ya maji siku tatu. Zilizoelea tukamwaga, zilizozama tukaosha na kuzianika kivulini juu ya kitambaa changu cheupe. Sasa kopo la vifungo lina mbegu. Ndiyo maana nimekuandikia barua badala ya kukupigia, kwa sababu simu haibebi mbegu.

Zako zimo humu. Panda nne tu kwanza, nyingine weka, usiwe kama tunaowajua. Yakitoka maua ya kikonyo chembamba usiyakate, hayo hutangulia na ndiyo akina baba. Ukiona ua lenye kitango, lifunge uzi jioni, na asubuhi na mapema lipelekee unga, kwa unyoya au kwa dume lenyewe. Usipulizie dawa yoyote. Na huko kwenu kwenye baridi, ambako madirisha hayafunguliwi, nyuki atakuwa wewe. Wewe ndiye uliyeona ikifanywa, ingawa ulikuwa mgongoni.

Nisalimie sana shemeji, umwambie mkasi asiukaribie. Wabusu wanao, na yule mtafuna kucha mwambie mama yake mkubwa ana mkasi wa kumkatia. Msalimie na mama mkwe wako, kiuno chake kipate nafuu. Wifi anakusalimu, na leo amenituma kwa mdomo wake mwenyewe. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na mikono mepesi ya Mama, na atukutanishe tukiwa bado tunaweza kupanda ngazi.

Ni mimi nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Dada yako, Fundi.

Tena: mbegu nimezisokota kwenye karatasi ileile yenye mwandiko wa Mama, Mkaguzi ameitoa daftarini bila kuombwa. Nimehesabu kumi na mbili kama ilivyoandikwa. Lakini bahasha hii haijagundishwa, na anayeipeleka posta ni yeye. Zihesabu zikifika. Ukikuta kumi na moja, usimwandikie neno. Nyamaza, kama alivyoninyamazia mimi.